Chuma Mgongoni mwa Sergent Onema

Pale Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu, tulimjua Sergent Onema kwa namna alivyokaa. Hakuegemea kiti hata siku moja. Aliketi wima, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyewekewa beseni la maji mapajani akaambiwa asimwage. Ukimsalimu hakugeuza shingo. Aligeuka mwili mzima, taratibu, mabega na kiuno pamoja. Watoto wa mtaa walimwiga. Watu wazima walisema ni majivuno ya jeshi, kwamba ile uniforme aliivua mwilini tu, moyoni bado anaivaa.

Mimi ni jirani yake. Kati ya ua wangu na wake kuna ukuta wa matete, na matete hayazuii sauti. Kila asubuhi nilimsikia akiamka: pumzi nzito, kimya, mkono ukipapasa nguzo ya mlango, kisha mguno uliobanwa kwa meno. Alilala chini juu ya mkeka. Wakati huo mke wake, Mwavita, alikuwa ameshapita na bidoni ya maji kichwani. Mwavita ndiye aliyechota maji, ndiye aliyelima shamba la mpunga, ndiye aliyesukuma baiskeli yenye gunia mpaka sokoni. Watu waliona, na watu hawanyamazi. “Mwanaume muzima, mabega sawa mlango, na bibi njo anabeba!” Yaani, mke ndiye anayebeba. Onema aliyasikia maneno hayo.

Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akilinda kitu.

Alizaliwa upande wa Kibombo, akaingia jeshini angali kijana. Mwaka wa 1998, waasi walipoikaribia Kindu, alikuwa kwenye kikosi cha mortier, yale mabomba ya kurushia makombora. Kazi yake ilikuwa kubeba kitako, yaani sahani nzito ya chuma inayowekwa chini ya bomba ili lisizame udongoni linapofyatua. Alikuwa na nguvu na alijivunia nguvu zake. Wenzake walipokezana bomba. Yeye kitako hakumpa mtu. Alikifunga mgongoni kwa kamba, na ukingo wake ukamgonga kiunoni kila alipokanyaga.

Mji ulipoanguka, kikosi kilirudi nyuma kuelekea upande wa Kasai, kwa miguu, ndani ya msitu. Mwavita alibaki Kindu na mtoto wao, Philomène, aliyekuwa bado ananyonya. Hawakupata hata nafasi ya kuagana. Onema aliondoka na nguo alizovaa, na kitako mgongoni.

Siku moja mchana walifika kwenye kijito. Onema alishusha mzigo wake ili anywe maji. Hapo hapo kombora likaanguka nyuma yao. Alitupwa kifudifudi matopeni, na alipojaribu kuinuka alisikia joto likimchuruzika kiunoni. Alipogusa, mkono ulirudi na damu.

Muuguzi wa kikosi aliitwa Roger. Walikuwa wameingia jeshini pamoja, na kwa Onema alikuwa ndugu. Roger alimkokota mpaka chini ya mti mkubwa. Mvua ilikuwa ikimwagika, na msitu ulikuwa umefunga giza ijapokuwa ni mchana. Hakuwa na tochi wala chombo cha kufaa. Aliosha jeraha kwa maji ya chumvi, akaingiza kidole.

“Iko kitu kigumu ndani,” alisema. “Chuma. Imeingia mpaka karibu na uti ya mugongo.”

“Itoe.”

“Nikiitoa hapa nitakuua, ndugu yangu. Tuiache ilale.” Roger alianza kufunga jeraha kwa kipande cha shati. “Lakini unisikilize muzuri. Usiiamshe. Siku ile itaanza kutembea, itakata mishipa, na hautasimama tena.”

Majuma machache baadaye Roger alikufa kwa homa, mbali na mji wowote. Onema alisaidia kuchimba kaburi, jeraha lake likiwa bado bichi. Maneno ya mtu uliyemzika kwa mikono yako huyatupi hovyo. Onema aliyaweka moyoni, na hakumwambia mtu.

Vita havikumuuliza kama ana chuma mwilini. Jeraha lilipofunga, alirudishwa kwenye kubeba: masanduku ya risasi, magunia ya mchele, wenzake waliojeruhiwa. Alibeba kwa hofu, kwa miaka, akisubiri siku ya chuma kutembea. Siku hiyo haikuja. Amani ilipopatikana, akaacha jeshi na kurudi Kindu. Alimkuta Mwavita hai, amekonda, na Philomène ameshakuwa mtoto wa shule aliyemwita “papa” kwa haya, kama anavyoitwa mgeni.

Maumivu yalianza akiwa nyumbani, katika raha. Kwanza yalikuwa ya asubuhi tu, kiuno kukakamaa kama mti. Baadaye yakashuka kwenye tako la kushoto, yakateremka nyuma ya paja, na vidole vya mguu vikaanza kufa ganzi. Onema alijua, au alidhani anajua. Chuma kimeamka.

Tangu hapo maisha yake yote yakawa ni kukilaza. Aliacha jembe. Aliacha kuinama. Mwavita alipotaka kumkanda kwa mafuta ya mawese ya moto, alimzuia mkono kwa ukali uliomshangaza. Waganga wa dawa za miti walimpa mizizi ya kunywa, akainywa. Walipotaka kumchanja kiunoni, akakataa. Hospitali hakutaka hata kuisikia. Aliogopa watasema lazima wapasue. Aliogopa zaidi watasema amechelewa.

Kilichomwuma kuliko mgongo ni habari ya Philomène. Binti alikuwa amekua, akampata mume, Israël, mkulima wa Punia. Harusi ilifanyika kule kwa wakwe. Barabara ya Punia ni mashimo na matope, na mtu hupanda pikipiki, zile tunazoziita moto, akirushwa juu na chini tangu asubuhi. Onema aliwaza ule mtikisiko na kile chuma. Akasema ana homa, hakwenda. Mwaka uliofuata Philomène alikuja Kindu na mtoto wake wa kwanza, akamnyoshea baba yake ampakate. Onema alirudi nyuma hatua, mikono kando.

“Mupatie mama yako,” alisema.

Philomène alimtazama, akamkumbatia mtoto kifuani. Hakuja tena.

Ilikuwa mwaka jana, mpunga ukianza kukomaa. Mwavita alikuwa shambani, na Onema alimfuata ili angalau amfukuzie ndege. Alijikwaa kidogo tu, kwenye kisiki. Akasikia kitu kikimchoma kiunoni kama kisu cha moto, na mguu wa kushoto ukapotea. Ndivyo alivyotuambia: ulipotea. Alianguka katikati ya mpunga akalala pale, akitazama mbingu.

Tulipofika kwa makelele ya Mwavita, alikuwa ametulia kama mtu anayesali.

“Musiniguse,” alisema. “Musinigeuze. Muniache nife muzuri.”

“Kufa na nini?” Mwavita aliuliza. “Umeanguka tu!”

Tulikata miti miwili, tukafunga blanketi, tukatengeneza tipoyi, ile machela ya kubebea wagonjwa. Tulimweka juu yake taratibu, wanaume wanne, kila mmoja bega moja. Mimi nilishika nyuma, upande wa kushoto, ndiyo maana nilisikia. Tulipofika njia kubwa, Onema alimwita mke wake asogee.

“Mama Philo. Iko kitu sikukuambia. Iko chuma mu mugongo yangu, tangu vita. Roger aliigusa na kidole. Alisema siku ile itatembea sitasimama tena. Leo njo imetembea.”

Mwavita alisimama katikati ya barabara. Sisi tukaendelea mbele, kisha tukasikia akikimbia kutufikia.

“Chuma,” alisema. Alisema tena, kwa sauti ya chini: “Chuma! Na miye nilizani umechoka na miye.”

Onema alifumba macho. Tuliongeza mwendo mpaka hospitali.

Daktari aliyempokea aliitwa Archange, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alimgonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, akamchoma nyayo kwa kijiti, akamwinua mguu mmoja baada ya mwingine. Alimuuliza kama anaweza kuzuia mkojo. Onema alisema anaweza. “Hiyo ni habari nzuri,” daktari alisema, lakini Onema hakuamini kwamba habari yoyote siku ile ingeweza kuwa nzuri. Kesho yake, jenereta ilipowashwa, walimpiga picha ya radio, ile inayoonyesha mifupa.

Mwavita aliniomba nikae nao tukingojea majibu. Daktari alikuja na filamu, akaishika mbele ya dirisha ili mwanga upite. Tuliona uti wa mgongo wa Onema, mweupe kati ya weusi.

“Papa, unaniambia iko chuma.”

“Ndiyo, dokta.”

“Chuma katika picha hii ingeonekana nyeupe kabisa, kuliko mifupa, sawa msumari. Unaiona wapi?”

Onema alitazama kwa muda mrefu. “Uangalie tena,” alisema.

“Nimeangalia mbele, nimeangalia ubavuni. Hakuna chuma, papa.”

“Roger aliigusa!” Onema alijaribu kuketi, maumivu yakamrudisha kitandani. “Aliigusa na kidole yake! Roger hakuwa muntu wa uongo!”

Daktari hakumkatiza. Alivuta kiti, akaketi, akamwomba aeleze yote: kombora, mvua, giza, jeraha. Aliangalia kovu, akalipapasa kwa kidole gumba, akaenda mpaka mahali penye mfupa, akabonyeza.

“Hapa?”

“Hapo.”

“Hii ni mfupa yako mwenyewe. Jiwe ao kipande ya muti ilikupasua nyama, ikatoka. Roger alipoingiza kidole aligusa mfupa. Mu mvua, bila taa, hata miye ningesema ni chuma. Hakukudanganya, papa. Alifunga jeraha muzuri, bila dawa, na ukapona. Alikuwa muuguzi muzuri sana.”

Nadhani neno hilo la mwisho ndilo lililomfungua. Uso wa Onema ulikunjamana, na machozi yakamtoka bila sauti. Kitanda kilitikisika. Mwavita alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza hakumzuia.

“Sasa inaniuma nini?” aliuliza alipoweza kusema.

Daktari alirudi dirishani na filamu. Alituonyesha jinsi kati ya mfupa na mfupa panavyotakiwa kuwa na nafasi, kwa sababu kuna kitu laini kama mto mdogo kinachozuia mifupa isisagane. Juu mito ilikuwa mizima. Chini, kiunoni, ilikuwa imechakaa, imekuwa myembamba, na mfupa umeota ncha pembeni. Mto mmoja ulibana mshipa unaoshuka mguuni, na huo ndio uliomwangusha shambani.

“Ni mizigo,” daktari alisema. “Ile ya jeshi, na miaka. Mito hii hairudi kuwa mipya, sitakudanganya. Itakuuma mara kwa mara. Lakini haitakuua, na haitembei kwenda popote. Watu wengi wa umri wako wako nayo.”

“Watu wengi?” Onema aliuliza, kama mtu aliyeambiwa ana ndugu asiowajua.

“Wengi sana.”

Mwavita alianza kucheka. Alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, na hakuweza kuacha. “Miaka yote ile ninalala peke yangu kitandani,” alisema, “na bwana yangu chini, analinda mufupa!” Daktari alijifanya anatafuta kalamu. Onema naye akacheka, akaugua kwa maumivu, akacheka tena.

Walimpa dawa za siku chache, kisha wakampeleka kwa Mama Ndaya, mtaalamu wa kunyosha viungo, ambaye kule hospitali wanamwita kine. Baba yake alikuja kutoka Kasai kufanya kazi ya reli, naye alizaliwa hapa hapa Kindu. Ni mwanamke mfupi, na sauti yake inasikika mpaka barabarani. Siku ya kwanza Onema alimweleza kwa heshima kwamba yeye huupumzisha mgongo wake, haupi kazi.

“Njo maana umekauka, papa,” alisema Ndaya. “Mugongo inapenda kutembea. Ukiilalisha, inakuwa sawa ngozi imeachwa kwa jua. Jeshini walikufundisha kutambaa?”

“Walinifundisha.”

“Basi, Sergent, chini! Mikono na magoti!”

Askari ni askari. Onema alishuka, akihema, akiogopa. Ndaya alimfundisha kuinua mkono mmoja na mguu wa upande mwingine, polepole, na kuvishusha. Alimfundisha kulala chali, magoti juu, na kunyanyua kiuno. Alimfundisha kuamka kitandani kwa kujigeuza ubavu kwanza na kushusha miguu, badala ya kujivuta kwa nguzo. Alimwamuru atembee kila siku, hata kama mguu unalalamika.

Asubuhi sasa nilisikia mambo mengine ng’ambo ya matete: kuku wakitawanyika, Onema akitambaa uani, na Mwavita akitoa amri kwa sauti ya kine. “Kushoto! Kulia! Sergent, unalala!” Alitembea mpaka mtoni na kurudi, mwanzo akisimama kila mahali, baadaye bila kusimama. Alitia jembe mpini mrefu ili alime bila kujikunja. Bidoni kubwa hakuirudia. Alibeba mbili ndogo, moja kila mkono. Wale waliokuwa wakimsema walimpisha njia na kumsalimu, na yeye aliwaitikia vizuri, maana hakuwa mtu wa kinyongo.

Haikuwa muujiza. Katikati ya mvua kubwa maumivu yalirudi kwa nguvu, mguu ukawaka, na kwa siku kadhaa alitembea amepinda. Nilikwenda kumjulia hali, nikiogopa nitamkuta amelala tena akingoja kufa. Nilimkuta amesimama ameshika ukuta, akinyosha mguu.

“Inauma?” nilimuuliza.

“Inauma sana, jirani.” Akatabasamu. “Lakini ni maumivu tu. Unajua ile tofauti? Zamani kila ikiniuma nilikuwa ninakufa. Sasa inaniuma tu.”

Mvua zilipopungua, alimwambia Mwavita wajiandae kwenda Punia. Ndaya hakufurahi kusikia habari ya moto na barabara ile, lakini hakukataa. Alimfunga mkanda mpana kiunoni, akamwambia ashuke mara kwa mara atembee, na asisafiri kwa haraka. Walichukua moto mbili, mmoja mmoja. Walilala Kailo kwa jamaa wa Mwavita, wakalala tena mahali pengine njiani. Kila penye shimo kubwa Onema alishuka akalivuka kwa miguu, na dereva wake, aliyekwisha kuzoea, aliacha hata kuuliza.

Yaliyotokea Punia nilisimuliwa na Mwavita. Walifika mchana. Philomène alikuwa akipepeta mchele mbele ya nyumba, akasikia moto, akainua macho. Alimwona baba yake akishuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, amepinda kiuno. Ungo ukamponyoka.

“Papa? Nani amekufa?”

“Hakuna muntu amekufa, mwanangu.”

“Basi ni nini? Mama, ni nini?”

“Papa yako amekuja kukutembelea,” alisema Mwavita. “Njo ile tu.”

Philomène hakuamini mpaka alipomkalisha na kumpa maji. Onema alimweleza palepale, bila kupumzika, kuhusu kijito na mvua, Roger na kidole chake, na ile picha dirishani. Alimweleza kwa nini hakuja harusini, na kwa nini alirudi nyuma siku ile ya mtoto. Philomène alisikiliza, viganja vikiwa mdomoni.

“Miye nilizani haukumutaka Israël,” alisema mwishowe. “Miaka yote ile. Na yeye pia alizani vile. Alikuwa anajiuliza alikukosea nini.”

“Israël?” Onema alishangaa kweli. “Israël nilimupenda tangu siku ile alileta posa. Barabara njo sikuitaka.”

Philomène alicheka na kulia kwa pamoja, sawa na mama yake siku ile hospitalini, akamwita mwanawe wa pili, aliyekuwa akichungulia mlangoni. Onema aliketi sawasawa, akamwambia mtoto apande mwenyewe pajani, maana mtoto huyo alikuwa mzito. Akapanda, akaanza kuchezea vifungo vya shati la babu.

Israël alirudi kutoka shambani na panga begani. Aliona wageni, akasimama mbali kidogo, panga likateremka taratibu. Philomène alimkimbilia. Mwavita hakusikia alichomwambia, ila aliona mabega ya mkwewe yakishuka, kama ya mtu anayetua mzigo. Israël alikuja, akainama kusalimu kwa mikono miwili.

“Papa, pumzika. Nitakuletea kitanda hapa inje.”

“Kupumzika nimepumzika sana,” alisema Onema, akishikilia ukingo wa meza kuinuka. “Unionyeshe hiyo shamba yako. Wanasema migomba yako njo ya kwanza hapa.”

Walikwenda polepole, Israël akipunguza mwendo, watoto wakitangulia. Mwavita na Philomène walibaki wakitwanga sombe, majani ya muhogo. Kwa mbali, kati ya migomba, walisikia sauti za wanaume wawili wakibishana kuhusu namna ya kuikata mikungu, mmoja akicheka, kisha wote wawili. Walikaa huko muda mrefu, hata sombe ikaiva na kupoa, ikabidi irudishwe tena motoni.